Kamera ya Shangazi

Mwenye hela ndiye mwenye kamera, na katika safari ya kwenda kumposea kaka yangu Ujiji, mwenye hela alikuwa shangazi. Mimi niliyesifika nyumbani kwa kujua mambo ya kamera nikapewa cheo cha mshauri, yaani mtu wa kusikilizwa halafu akapuuzwa.

Tukaanza kuzunguka madukani Tabora mjini. Shangazi alikuwa na masharti yake. Kamera ionekane kuwa ni kamera ("simu kila mtu anayo, wakwe watajuaje kama tumejipanga?"), na iwe na waya wa kuchomeka kwenye TV, maana yeye hakodoi macho kwenye vioo vidogo. Bajeti, laki tatu. Ukivuka hapo anakuuliza kama unamnunulia kiwanja.

Duka la kwanza kijana akatoa dude jipya linalong'aa, limeandikwa megapikseli 48 na zoom mara 16, laki na themanini tu. Shangazi akalipenda palepale. Nikaomba kulijaribu. Kamera kama hizi hujiumbua zenyewe: bonyeza zoom huku unachungulia lenzi kwa mbele. Vioo vikitembea ndani, hiyo ni zoom ya kweli. Vikitulia tuli, kamera inakata tu kipande cha picha na kukikuza, haijasogea popote. Vioo vilitulia. Nikamlenga mama muuza mahindi ng'ambo ya barabara, nikavuta mpaka mwisho, nikamwonyesha shangazi. Uso wote miraba mitupu, hujui pua ni ipi na hindi ni lipi.

"Maskini, kapatwa na nini huyu?" shangazi akauliza. Tukaondoka.

La pili walikuwa na Handycam ya Sony ya zamani, ile ya kanda za MiniDV, laki moja, na bei inapungua. Lenzi yake safi, na bado naikumbuka kwa uchungu. Lakini kanda moja hurekodi dakika 60, na kuhamisha picha kunataka waya wa FireWire, ambao kompyuta za siku hizi hazina hata tundu lake. Nilipouliza kanda zinapatikana wapi, muuzaji akajibu, "Zinakuja." Tukaaga.

Tuliyoinunua tuliipata kwa fundi redio. Ya mtumba, lakini ya kampuni kubwa ya Japani: inatumia memori kadi, zoom ya lenzi mara 30, inatuliza mtikisiko, betri mbili, na waya wa HDMI wa kwenda kwenye TV. Upungufu wake mmoja niliutaja mbele ya mashahidi: haina tundu la kuchomeka maiki ya nje. Maiki yake imo humohumo, na maiki ya hivyo husikia kwanza walio karibu nayo, yaani mpiga picha na wanaoongea nyuma yake.

"Sisi tunataka picha," shangazi akasema. "Redio tunayo nyumbani."

Akaishusha kutoka laki tatu na nusu mpaka laki mbili na sabini, akaongezewa na kadi ya GB 32. Mimi pale nisingepunguziwa hata elfu kumi.

Safari ikaanza alfajiri, ndani ya Noah. Mimi mbele na kamera, shangazi nyuma yangu, pembeni yake mshenga, halafu baba mdogo na wengine waliobanana na mizigo, pamoja na dumu la asali ya zawadi. Tabora mpaka Urambo dirisha lilikuwa wazi, nikachukua misitu ya miombo, mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, mashamba ya tumbaku. Nilipoisikiliza tuliposimama kunywa chai, sauti ilikuwa vuuu mwanzo mwisho. Kumbe upepo ule ulikuwa unatusitiri.

Baada ya Kaliua tukakuta vumbi, madirisha yakafungwa, na wazee wakapata utulivu wa kuongea mambo yao. Sikuwajali. Macho yangu yalikuwa mbele, kwenye Daraja la Kikwete juu ya mto Malagarasi. Dereva akapunguza mwendo, nami nikalichukua lote, mita 275, matete kushoto na kulia, mtumbwi mmoja unakatiza chini.

Ujiji tulipokelewa vizuri mno. Ugali wa muhogo, migebuka iliyoungwa kwa mawese, maji ya kunawa yanazungushwa na vijana wenye adabu. Baba wa binti alikuwa mstaafu wa reli, na mara yake ya mwisho kufika Tabora alikwenda kwa treni. "Reli imefika Kigoma tangu 1914," akasema, "lakini barabara tumeisubiri mpaka mvi. Ni kweli Wakorea wameweka daraja pale Malagarasi?"

Shangazi akapata alichokuwa akikitafuta. "Mwanangu, hebu waonyeshe wakwe zetu daraja."

Nikachomeka waya. TV ilikuwa kubwa, na sauti ilikuwa juu kwa sababu watoto walikuwa wanaangalia katuni. Urambo ikapita, vuuu. Mzee akasema kwetu kuna upepo. Kisha daraja likatokea, na sebule nzima ikajaa sauti ya shangazi.

"Sikilizeni. Tunaanza na laki nane. Wakinuna, mshenga unaongeza mbili, taratibu, kama mtu anayeng'olewa jino. Bahasha ya pili yenye milioni na nusu ninayo mimi kifuani, haitoki mpaka niwaone wanainuka."

"Na wakitaka ng'ombe?" Mshenga huyo.

"Sema wamekufa kwa ukame."

"Ukame gani na mvua hizi?"

"Wewe umekuja kuposa au kutabiri hali ya hewa?"

Nikaitafuta rimoti. Alikuwa nayo mtoto wa mwenye nyumba, naye alipoona maneno yamekolea, akaongeza sauti. Shangazi alikuwa na kipande cha mgebuka mkononi, hakipandi wala hakishuki, mawese yanachirizika mpaka kwenye bangili. Mkono wa pili ulikuwa umeshapanda wenyewe kifuani, kushika kanga.

Mzee hakuondoa macho kwenye TV. "Daraja zuri sana," akasema. "Hebu rudisha kidogo, pale linapoanza."

Ukiambiwa na mkwe urudishe, unarudisha. Tukaliangalia tena lote, na ng'ombe wake.

Baada ya kula, jamvi likatandikwa, kahawa ikaletwa, mshenga akakohoa na kuweka bahasha kwenye sinia. "Wazee wetu, tumekuja na hiki kidogo tulichojaliwa..."

Mzee akakisukuma kile kidogo kwa kidole, kikarudi kwa mwenyewe.

"Hiyo wekeni, itawasaidia mafuta ya kurudia. Sisi tuanze na ile ya pili."

Shangazi akaomba aonyeshwe chumba cha ndani, maana mambo ya kifuani hayatolewi mbele ya wakwe. Alipofika mlangoni mzee akamwita.

"Na poleni sana na msiba wa ng'ombe."