Nani anamwongoza nani: Wainjili wa Marekani na chama cha Republican

Juni 1998, Rais Bill Clinton akiwa ameandamwa na kashfa ya uhusiano wa kimapenzi na Monica Lewinsky, mfanyakazi kijana wa Ikulu, Wabaptisti wa Kusini walikutana katika mkutano wao mkuu wa mwaka. Hilo ndilo dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini Marekani. Walipitisha azimio lililosema kwamba jamii inayovumilia maovu mazito ya viongozi wake inaua dhamiri yake yenyewe na inajiletea hukumu ya Mungu. Wakawataka Wamarekani wachague watu waaminifu na wasafi wa maadili.

Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya PRRI iliwauliza Wamarekani kama kiongozi anayefanya machafu katika maisha yake binafsi anaweza bado kutekeleza kazi ya umma kwa uadilifu. Kati ya Wainjili weupe, yaani Waprotestanti wazungu wanaosisitiza kuzaliwa mara ya pili na mamlaka ya Biblia, kundi ambalo Wabaptisti wa Kusini ni sehemu yake kubwa, asilimia 30 walisema ndiyo. Swali lilelile liliulizwa tena Oktoba 2016, Donald Trump akiwa mgombea wa Republican, na safari hii waliosema ndiyo walikuwa asilimia 72. Biblia haikubadilika katika miaka hiyo mitano. Mwezi uliofuata takriban wanane kati ya kila Wainjili weupe kumi walimpigia Trump kura, na wamefanya karibu hivyo tena mwaka 2020 na mwaka 2024.

Mjadala kuhusu mrengo wa kulia wa Kikristo nchini Marekani huanza kwa kuuliza kanisa limeiteka siasa kiasi gani. Swali hilo ni la haki, lakini takwimu za PRRI zinanilazimisha kuuliza na la pili: siasa imeliteka kanisa kiasi gani? Nikiyapima yote mawili, naona harakati hii ilishinda karibu kila ilichokidai mahakamani, na katika safari hiyo ikapoteza uwezo wa kukikemea chama chake. Ushindi ni wa kweli na hasara ni ya kweli, na anayetaja kimoja tu anaficha nusu ya habari.

Chanzo chenyewe kina ubishi. Simulizi inayopendwa na wanaharakati wenyewe ni kwamba hukumu ya Roe dhidi ya Wade ya Januari 1973, iliyohalalisha utoaji mimba nchi nzima, ndiyo iliyowaamsha Wakristo kutoka usingizini. Tatizo ni kwamba Wabaptisti hawahawa wa Kusini walipitisha azimio mwaka 1971 la kutaka sheria iruhusu utoaji mimba katika hali kadhaa, zikiwemo ubakaji, kujamiiana kwa maharimu, na hatari kwa afya ya mama. Wakati ule hilo lilionekana kuwa jambo la Wakatoliki zaidi.

Kilichowaudhi viongozi wengi wa Kiinjili kwanza kilikuwa kodi. Mamlaka ya mapato ilianza kuziondolea msamaha wa kodi shule binafsi zilizobagua watu weusi, na mwaka 1976 ikakiondolea Chuo Kikuu cha Bob Jones huko South Carolina, ambacho kilikataza wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana. Paul Weyrich, mpanga mikakati aliyewaleta wachungaji kwenye siasa za kihafidhina, alisema mwenyewe baadaye kwamba suala la shule ndilo lililowachoma. Wapo wanahistoria wanaosema maelezo hayo yanabana mno, kwa kuwa Wainjili walikuwa wakisogea kuelekea Republican tangu enzi za vita baridi, na hasira juu ya sala kuondolewa mashuleni ilianza miaka ya 1960. Naona wana hoja. Harakati kubwa haizaliwi na chuki moja. Hata hivyo suala la rangi haliwezi kufutwa kwenye hadithi hii, kwani hadi leo Waprotestanti weusi, wengi wao wakiwa na imani ileile ya kuzaliwa mara ya pili na Biblia ileile, huwapigia kura Wademokrati kwa wingi mkubwa. Kama imani peke yake ndiyo ingekuwa inaamua kura, makanisa hayo mawili yangekuwa upande mmoja.

Jerry Falwell, mchungaji wa Lynchburg, Virginia, alianzisha Moral Majority, jumuiya ya kisiasa ya Wakristo wahafidhina, mwaka 1979. Mwaka 1965, wakati Martin Luther King alipokuwa akiandamana Selma, Alabama, kudai haki ya watu weusi kupiga kura, Falwell huyohuyo alihubiri kwamba wahubiri hawakuitwa kuwa wanasiasa bali kuvuna roho. Wapinzani wake humtupia maneno hayo mpaka leo. Lakini upande wa pili una jibu zito, nami sitaki kulipita haraka.

Jibu lenyewe ni hili: ikiwa King alikuwa na haki ya kutoka madhabahuni kwenda barabarani, Falwell naye alikuwa nayo. Wapinga utumwa wa karne ya 19 walihubiri siasa. Harakati za haki za kiraia zilipangwa ndani ya makanisa, zikaimbwa kwa tenzi za kanisa, na kitabu chao kikuu kilikuwa kitabu cha Kutoka. Raphael Warnock, mchungaji wa Ebenezer Baptist mjini Atlanta, kanisa lilelile la King, ni seneta wa Democratic kutoka Georgia, na hakuna anayemtaka avue imani yake mlangoni pa Seneti. Wagombea wa Democratic huenda kwenye makanisa ya watu weusi Jumapili za kabla ya uchaguzi. Anayesema dini isiingie kwenye siasa pale tu dini hiyo inapompigia kura mpinzani wake hana kanuni, ana maslahi. Raia mwenye imani hana wajibu wa kuomba ruhusa kabla ya kupiga kura kwa imani yake, na hiyo ndiyo sehemu ya hoja ya mrengo wa kulia wa Kikristo ninayoitetea bila kusita.

Zaidi ya hapo, walifanya kazi. Wengi wanaowadharau hawajui jinsi walivyojituma. Agosti 1980 Ronald Reagan alisimama mbele ya maelfu ya wachungaji na waumini mjini Dallas akawaambia anajua hawawezi kumuidhinisha yeye, lakini yeye anawaidhinisha wao. Akamshinda Jimmy Carter, Mbaptisti aliyefundisha shule ya Jumapili na ambaye Wainjili wengi walikuwa wamempigia kura mwaka 1976. Reagan alikuwa ameachana na mke wake wa kwanza, na akiwa gavana wa California alitia saini mwaka 1967 sheria iliyolegeza utoaji mimba. Tayari hapo mapatano ya nipe nikupe yalikuwa yanaonekana.

Na kwa miaka mingi chama kilipokea kura zaidi kuliko kilivyolipa. Reagan alimteua Sandra Day O'Connor kwenye Mahakama ya Juu mwaka 1981 huku Falwell akilalamika. Mwaka 1992, O'Connor pamoja na Anthony Kennedy na David Souter, wote watatu wakiwa majaji walioteuliwa na marais wa Republican, waliandika hukumu iliyoinusuru haki ya utoaji mimba. Hebu fikiria uchungu wa mwanaharakati aliyebisha hodi nyumba kwa nyumba kwa miaka kumi na miwili akiamini anabadilisha mahakama.

Hawakususa. Pat Robertson, mhubiri wa televisheni, alikuwa ameshagombea urais mwaka 1988 na kushika nafasi ya pili katika mchujo wa Republican jimboni Iowa, mbele ya George Bush mkubwa, na mwaka uliofuata akaanzisha Christian Coalition, jumuiya ya kuwapanga Wakristo wahafidhina kisiasa. Kijana Ralph Reed aliiongoza kwa mbinu ya chini kabisa: bodi za shule, kamati za wilaya za chama, karatasi za kulinganisha wagombea zilizogawiwa makanisani. Kura za mchujo za Marekani hupigwa na watu wachache, hivyo kundi dogo lenye nidhamu lina uzito mkubwa kuliko idadi yake. Mbunge wa Republican kutoka Kusini akajua kwamba hatari yake si mpinzani wa Novemba bali mchungaji wa wilayani mwake wakati wa mchujo.

Mwaka 2005 George W. Bush, mlokole wa wazi, alimteua Harriet Miers kwenye Mahakama ya Juu. Alikuwa Mwinjili mwenzao, lakini wahafidhina walimkataa kwa kukosa rekodi ya kuaminika, akajiondoa. Walikuwa wamejifunza kwamba kuabudu pamoja hakutoshi, wanataka uhakika wa hukumu. Trump alilielewa hilo kuliko wagombea wote waliomtangulia. Mei 2016 alitoa hadharani orodha ya majaji ambao angechagua kati yao, na baadaye akaiongezea majina. Akawateua Neil Gorsuch, Brett Kavanaugh na Amy Coney Barrett, na tarehe 24 Juni 2022 hukumu ya Dobbs ikaifuta Roe, miaka 49 baada ya kutolewa.

Hapo wakosoaji husema demokrasia ilitekwa na wachache. Sikubaliani na namna wanavyolisema. Kushinda mchujo, kushinda urais, kuthibitisha majaji ni njia halali kabisa. Lakini wana hoja nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni kwamba harakati ilishinda mahakama bila kuwashinda wananchi. Majuma sita tu baada ya Dobbs, Kansas, jimbo ambalo halijampigia kura mgombea urais wa Democratic tangu 1964, lilikataa kwa asilimia 59 kwa 41 kuondoa ulinzi wa utoaji mimba katika katiba ya jimbo. Kentucky ikakataa pendekezo la namna hiyo Novemba mwaka huohuo. Ohio mwaka 2023 iliiweka haki hiyo kwenye katiba yake. Hayo ni majimbo ya Republican. Miaka 49 ya kujenga mawakili na majaji haikuendana na kazi ya kumshawishi jirani.

Chama kilisoma matokeo hayo kama chama kinavyosoma matokeo. Januari 2023 Trump alililaumu suala la utoaji mimba kwa matokeo duni ya Republican katika uchaguzi wa bunge. Ilani ya chama ya mwaka 2024 iliacha wito wa marufuku ya kitaifa uliokuwa umedumu kwa miongo, ikaliachia suala hilo majimbo. Juni mwaka huo Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio la tahadhari dhidi ya upandikizaji mimba wa maabara kwa sababu ya viinitete vinavyotupwa. Ilani ya Republican ya Julai iliunga mkono huduma hiyo, na Februari 2025 Trump alitia saini amri ya kuipanua. Kura za Wainjili hazikutikisika. Mwanasiasa anayejua kwamba utampigia kura hata akikupinga hana sababu ya kukusikiliza, na hilo Wademokrati weusi wamelilalamikia kwa muda mrefu upande wao pia.

Ndani ya kanisa wapo walioliona. Desemba 2019 mhariri wa Christianity Today, jarida lililoasisiwa na Billy Graham, aliandika kwamba Trump aondolewe madarakani. Russell Moore, aliyekuwa msemaji wa Wabaptisti wa Kusini kuhusu maadili na siasa, aliwaacha mwaka 2021. Hawakufuatwa na wengi. Huku nyuma, kwa hesabu za PRRI, Wainjili weupe wamepungua kutoka asilimia 23 ya Wamarekani mwaka 2006 hadi karibu 14. Wanasosholojia Michael Hout na Claude Fischer walisema tangu mwaka 2002 kwamba baadhi ya wanaojitambulisha kuwa hawana dini wanaikimbia siasa iliyoshikamana na kanisa, si Mungu. Kupungua huko kuna sababu nyingine pia, kwani hata makanisa ya kiliberali yanamomonyoka, na pengine zaidi. Lakini kijana anayedhani kwamba kubatizwa ni kujiandikisha chama hajapewa nafasi ya kuisikia Injili.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaiona sura bora na sura mbaya ya harakati hii mahali pamoja, kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI duniani, alioutangaza Bush Januari 2003 kwa ahadi ya dola bilioni 15 kwa miaka mitano, usingepita Congress, bunge la Marekani, bila Wainjili. Seneta Jesse Helms wa North Carolina, aliyekuwa amepinga fedha za UKIMWI kwa miaka, alikuwa amebadilika mwaka 2002 baada ya Franklin Graham, mwana wa Billy Graham, kumwelemea, akakiri kwamba anaona aibu kwa kufanya machache mno. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Sheria ilikuja na masharti yao pia: theluthi ya fedha za kinga iende kwenye mafundisho ya kuacha ngono hadi ndoa, sharti ambalo wataalamu wa afya walilipinga na lililolegezwa mwaka 2008. Pamoja na masharti hayo, mpango huo unasifiwa kwa kuokoa maisha ya watu milioni 25.

Mwaka 2023 makundi ya kupinga utoaji mimba yalizuia mpango wa PEPFAR usiongezwe miaka mitano, yakidai fedha zinawafikia wanaounga mkono utoaji mimba. Ukapata mwaka mmoja tu. Januari 2025 serikali ya Trump ilipositisha misaada ya nje, kliniki zilizotegemea fedha hizo zilifungwa ghafla na wahudumu wakaambiwa wabaki nyumbani, kabla ya kibali cha dharura kutolewa kwa dawa za kuokoa maisha. Mashirika ya misaada ya Kiinjili, World Relief likiwemo, yalilalamika hadharani. Wachungaji wenye sauti kubwa zaidi katika chama, wale ambao simu zao hupokelewa Ikulu, hawakuufanya mgogoro huo kuwa vita vyao kama walivyofanya kwa majaji.

Hata hivyo Julai 2025, Congress ilipokuwa ikifuta matumizi ya dola bilioni 9, maseneta wa Republican waliiondoa PEPFAR kwenye orodha ya vilivyokatwa na kunusuru dola milioni 400. Kwa hiyo ule msukumo wa mwaka 2003 haujafa. Ungali na uwezo wa kukisimamisha chama, pale tu wenye nao wanapokubali kumkasirisha rais waliyemchagua.