Mama Mkwe Hakuweka Mkato

Mama mkwe akishuka boti kutoka Unguja, jikoni kwetu Tabata uongozi unabadilika. Mke wangu anakabidhi mwiko, mimi nakabidhiwa kapu. Safari hii alikuja Alhamisi, na Ijumaa akataka atupikie chakula cha maana, kwani kwa maoni yake sisi watu wa Bara tunakula ili tusife tu.

Nilikuwa nimeshafika sokoni Buguruni ujumbe wake ulipoingia. Nauweka hapa kama ulivyokuja:

"baba niletee thomu tungule mbatata pilipili boga embe mafuta njugu usichelewe"

Hakuna mkato, hakuna nukta. Nikampigia mke wangu: simu imezimwa, yuko kwenye kikao. Kumpigia mama mwenyewe ndiyo kabisa sikuthubutu. Mimi nimelelewa Iringa, na nilivyofundwa, ukweni ukitumwa unasema "ndiyo mama" na miguu imeshaanza kutembea. Halafu kuna aibu nyingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo darasani nimesoma lugha ya mama mkwe wangu miaka yote, nikafaulu na cheti nikapewa, halafu leo nitoe simu nimwambie sijui anataka nini?

Nikaanza na thomu. Kijana mmoja alikuwa ameegemea kiroba, nikamuuliza kama ana thomu.

"Tomu? Alikuwa na meza pale kwenye ndimu. Kahamia Gongo la Mboto."

Nikamshukuru. Kiroba alichokiegemea, kumbuka hilo, kilikuwa cha vitunguu swaumu.

Kwa tungule nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya zake mafungu mafungu. Aliposikia ninachotafuta, mkono ukabaki hewani na nyanya yake.

"Tunguri?"

"Eeh, hizo hizo. Kama kilo mbili."

"Kaka, sisi hapa tunauza nyanya. Tunguri nenda kwa mganga."

Jirani yake akavuta kanga, akasogea pembeni kidogo. Nikaona nijieleze.

"Si zangu jamani. Nimetumwa na mama mkwe."

Wakatazamana. "Pole sana, mwaya," akasema yule jirani, na alimaanisha.

Aliyeniokoa ni mzee wa nazi, mwenye kofia ya vito, aliyekuwa akisikiliza muda wote bila kuinua kichwa. "Huyo mkweo mtu wa Visiwani," akasema. "Tungule ndizo nyanya hizo unazozikanyagia kivuli. Thomu ni kitunguu swaumu. Mbatata ni viazi mviringo." Akafungua mdomo aendelee, nikamwambia hapo mzee wangu inatosha, yaliyobaki nayaweza. Kweli si Kiswahili cha kila siku? Pilipili. Boga. Embe. Mafuta. Njugu.

Boga nilichagua la heshima, maana ni la mkwe. Dereva wa bajaji alilitazama likipakiwa, akaniuliza kama nalo litalipa nauli.

Nyumbani mama aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akaanza kutoa vitu kapuni kimoja kimoja. Tungule akazisifu. Thomu akainusa. Mbatata akazitia kwenye beseni. Kisha nikaingia na boga nimelikumbatia.

"Hilo la n'ani?"

"Lako, mama."

"Mmh. Ahsanta, baba." Adabu ya Unguja hiyo. "Na pilipili boga je?"

"Pilipili ndizo hizo, mama. Na boga ndilo hili."

Akanyamaza kidogo, halafu kwa sauti ya upole sana akauliza, "Na embe mafuta?"

Nikainua embe kwa mkono wa kulia na chupa ya mafuta ya kula kwa wa kushoto.

Mama akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani nimemliza, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, mpaka kicheko kilipomponyoka. Alipotulia akachota njugu mawe nilizomletea, akazidondosha kwenye sinia zikalia ta-ta-ta. "Na hizi, baba, ni za kula au za kupigia kunguru?"

Mke wangu aliporudi ndipo nilipopewa tafsiri: pilipili boga ndiyo hoho yetu, njugu ni karanga, embe mafuta ni parachichi. Hilo la mwisho nimelikubali moja kwa moja. Parachichi ni jina lisilokuambia lolote. Embe mafuta unalisikia tu na kisu unakitafuta.

Jumamosi akamtuma mjukuu gengeni, pilipili hoho za mia tano. Mtoto wa Tabata akarudi na hoho kubwa za kijani, zinang'aa.

"Nimekutuma hoho, wewe waniletea pilipili boga! Jana nilizitaka hazikuja, leo sizitaki ndio zinakuja!"

Kwake yeye hoho ni ile inayowasha, na ukifungua kamusi za zamani utakuta ziko upande wake. Mtoto hakuwa na kamusi. Aliangalia hoho, akamwangalia bibi, akaniangalia mimi.

"Sasa hiyo ya kuwasha," mama akauliza, "nyinyi mwaiitaje huku?"

"Zipo nyingi, mama," nikajibu, nimefurahi kuwa mjuzi kwa mara ya kwanza. "Ile ndogo kali kabisa tunaiita pilipili kichaa."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Haya, nenda kaniletee hiyo, baba. Lakini huyo kichaa umwache huko huko sokoni."