Mguu Wangu Umekuwa wa Avenue Nzima

Hapa Goma ukishikwa na malaria watu wanakuachia ulale, wanakuletea machungwa mawili na kwenda zao. Lakini we chechemea tu kidogo mbele ya watu uone, basi umekwisha, mguu siyo wako tena, ni wa avenue nzima, kila mtu ni daktari na kila daktari ana mafuta yake ndani ya kichupa kisichokuwa na jina.

Mimi kigimbi kilinikamata kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Wala siyo yangu, mimi sina chukudu, ni ya kijana alikuwa amepakia viazi hadi yeye mwenyewe haonekani, akakwama pale kwenye mwinuko wetu ambapo mawe ya volkano ya 2002 bado yametoka nje kama meno, na hapa kwetu ukimwona mtu amekwama hausemi nina haraka, unaweka mikono. Nikaweka. Nikakaza mguu wa nyuma nisukume, nikasikia "ta!" nyuma ya goti huku chini, kwenye nyama. Nikageuka kwa hasira nione ni mtoto gani amenirushia jiwe. Hakuna mtoto, hakuna jiwe, kuna mbuzi tu na yeye ananiangalia. Baadaye kine, yule mtaalamu wa tiba ya viungo, akaniambia ndivyo ilivyo, wengi wakichanika kigimbi wanageuka kumtafuta aliyewapiga, kwa hiyo nadhani kuna watu mji huu walishagombezwa bure. Na ule mtu wa sanamu, wa rangi ya dhahabu, pale rond-point Chukudu anasukuma mvua na jua hata hachechemei, ndiyo maana watu wanafikiri na sisi tumetengenezwa vilevile.

Sasa kufika nyumbani. Mama wa mlango wa pili ameshachemsha maji ya chumvi, yanatoa moshi. Papa wa butike analeta ile pomadi inayochoma mpaka machozi. Na mzee mmoja, namuheshimu sana, anakunja mikono ya shati, "Leta mguu hapa mwanangu, hii ni mushipa tu ilipanda, nitairudisha." Mzee huyo kidole gumba chake kinaweza kufungua bidoni iliyoganda. Nikasema shikamoo mzee, nikavuta mguu nikauweka chini ya kiti.

Juu ya nini? Juu msuli ukichanika nyuzi zake zimekatika na damu inavuja humo ndani, ukiweka moto damu inazidi kuvuja, ukikanda kwa nguvu unaendelea kuchana pale palipochanika. Siku mbili tatu za kwanza hakuna moto, hakuna kukandwa, hakuna pombe. Kinachotakiwa ni kuacha kuutumia, kufunga bandi elastiki isiyobana mpaka vidole vife ganzi, kuinua mguu juu ya mto, na baridi iliyofungwa kwenye taulo, dakika 15 hadi 20 halafu unatoa, baada ya masaa mawili matatu tena. Baridi yenyewe utaitoa wapi kwenye nyumba isiyo na frigo, ndiyo nikamtuma mtoto kwa papa wa butike alete bia ya Primus iliyoganda. Nikaifunga kwenye taulo, nikaiweka kwenye kigimbi. Shemeji yangu akakaa pembeni na glasi mkononi anahesabu dakika, na kila mara anauliza, "Beau, haijapona tu? Itapata moto hii."

Kijana wangu naye na simu yake eti, papa, yule daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliyewafundisha watu mambo ya barafu mwaka 1978, mwenyewe alirudi baadaye akasema barafu inaweza kuchelewesha kupona. Haya! Nikamwambia mimi naweka ya kupunguza maumivu, siyo ya kumfurahisha Mirkin, toa simu hapa.

Halafu lile jeusi likaanza kushuka. Kigimbi ndicho kiliumia lakini kisigino ndicho kikawa zambarau, na wewe unajua watu wa Kivu, rangi ikibadilika tu wanaanza kunong'ona karuho, yaani sumu ya kutiliwa, nani alikupa chakula, ulikula wapi. Ni damu tu ilishuka, damu nayo inateremka, mbona maji yakiteremka kutoka mtaa wa Himbi kwenda ziwani hakuna anayesema amelogwa.

Kine ndiye alinituliza. Akaniuliza unaweza kusimama kwa vidole? Kwa shida, naweza. Akasema basi ni klakaji, msuli kuchanika, ya katikati, wiki kadhaa, ile ndogo inapona haraka zaidi, ile ya msuli kukatika kabisa ni miezi na wengine wanapasuliwa. Ungeshindwa kabisa kusimama kwa vidole, au ukipapasa unakuta shimo, unakimbia hospitali. Na kigimbi kikivimba na kupata moto bila kuumia popote usikiite msuli, hiyo inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa na hiyo inaua. Hapo nilimheshimu. Halafu akaharibu: "Papa, usinyanyue kitu kizito."

Huyu mtu anaishi Goma kweli? Bidoni moja ya maji ni litre 20, ni kilo 20, na bomba la kwetu linakohoa tu hewa. Nikamwambia mke wangu daktari amesema. Akaniangalia. Akaangalia bidoni. Hakusema kitu, na mimi ningependa angesema. Tena kulala wiki nzima nako wamekataza, maumivu yakipungua unaanza kutembea kidogo kidogo, kwa hiyo hata raha ya ugonjwa hakuna.

Sasa nimepewa dawa ya kuzuia, juu msuli ulioumia mara moja ndio unaoumia tena kwa urahisi. Bidoni mbili za litre 10, mkono huu na mkono huu, badala ya moja inayokupindisha. Na kabla ya kubeba chochote nitembee haraka hadi mwili upate joto, halafu nipande kwa vidole na kushuka polepole, kushuka ndiyo kazi yenyewe. Niliwaeleza hata wenzangu wa timu ya mapapa ya Jumapili kwamba FIFA ina mazoezi yake ya 11+ ya kupasha mwili, dakika 20 hivi, wakasema dakika 20 ndiyo mechi yetu yote.

Basi kila asubuhi niko mlangoni, juu, chini, juu, chini, batoto wa parsele wamejipanga nyuma yangu wanaiga, mmoja ameongeza makofi. Bayeri, mwenye nyumba, amepita, akasimama, akamuuliza mke wangu kama tumefungua kanisa, juu kwenye kontra aliandika nyumba ya kulala, na kama ni kanisa bei ya nyumba inabadilika.