Nunua multimita kwanza, hiyo Arduino itangoja

Kuna kitu inanikera sana kwa hii mambo ya elektroniki za kujifunzia nyumbani na leo wacha niseme tu. Mtu ananunua ile seti ya waanzaji, bodi ya Arduino (kakompyuta kadogo unakaandikia programu), waya za rangi rangi, sensa mbili tatu na kamota kadogo, anaingia YouTube anapata video fupi ya mtu ametengeneza taa inajiwasha giza ikiingia, anafuata kila hatua, anawasha, kimya. Anachomoa anarudia. Kimya. Usiku ukiingia ameshajihukumu ati kichwa yake haikuumbiwa hii maneno, seti inasukumwa chini ya kitanda na injinia ameishia hapo.

Kichwa iko sawa kabisa bana. Wale nimeona wakiacha hii hobi hapa Kisumu, na ni wengi, wengine wako campus wanasoma vitu ngumu kuliko hizi, wote wanaachia mahali pamoja, pale kitu imekataa na hawana namna ya kujua imekatalia wapi. Video ilifunza kuunganisha, hakuna siku ilifunza kutafuta shida, yule jamaa wa video alikata sehemu yote alikuwa anakuna kichwa akabakisha pale taa inawaka na muziki juu yake. Sasa wewe unadhani ni wewe peke yako inakataa.

Angalia bredibodi tu, ile plastiki nyeupe ya mashimo ya kuchomekea waya. Zile ndefu nyingi, laini ya stima inayopita kando imekatika katikati, yaani nusu ya juu na nusu ya chini hazijuani mpaka uziunganishe na kawaya. Zingine zinaonyesha kwa rangi, ule mstari mwekundu unaruka kidogo hapo kati, zingine hazionyeshi kitu. Sasa umeingiza volti 5 huku juu, mtambo wako umeujenga huku chini, hata ukisoma programu mara mia huwezi pata shida juu shida haiko kwa programu. Mtu mwenye multimita, ile mita ya kupima volti, anagusa juu anaona 5, anagusa chini anaona 0, maneno kwisha, anaenda kunywa chai.

Ama ile kebo ya USB. Kuna kebo za kuchaji tu, ndani hazina waya za kupitisha data, bodi inawaka taa vizuri lakini laptopu haiioni kabisa, na mtu anashinda usiku akifuta draiva (ile programu laptopu inatumia kuona bodi) na kuweka draiva wakati shida ni kebo alitoa kwa chaja ya spika. Hiyo ndio inaniudhi zaidi kwa sababu taa imewaka, kila kitu inakwambia mambo iko sawa!

Lakini mfalme wa kuvunja watu moyo ni ile betri ya mraba ya volti 9. Iko kwa kila seti na kila duka. Unaona 9 ni nyingi kuliko 5 unasema hii itasukuma mota fiti. Haisukumi. Ni betri ya kitu inakula kidogo kidogo kama multimita yenyewe ama kengele ya moshi. Weka mita juu yake ikiwa peke yake itakuonyesha 9 na kitu, halafu washa mota huku unaangalia, ile namba inaporomoka vibaya, bodi inakosa stima ya kutosha inajizima inaanza upya, mota inasimama, volti inapanda, bodi inaamka, inawasha mota tena, hivyo hivyo inazunguka. Kwa macho ni kama roboti imepagawa. Kila mtu anakimbilia kurekebisha programu na programu haina kosa lolote, weka betri nne za AA kwa upande wa mota, unganisha negativu zote mbili pamoja (hii ya negativu watu husahau halafu wanalia upya), inatembea.

Hii akili ya kutafuta shida si kitu ya kungoja kutoka ng'ambo, tunayo hapa. Enda Kondele ama pale karibu na Kibuye ukae na fundi wa woofer. Woofer inaletwa imekufa, mwenyewe anaeleza hadithi refu vile ilikuwa inacheza vizuri Jumamosi, fundi anauliza tu, stima ilipotea ikarudi? Halafu anafungua, anaanza pale waya ya ukutani inaingia. Fyuzi. Kama ni mzima anaenda kwa transfoma, kule stima inatokea. Kisha baada ya daiodi. Kisha kwa ile kapasita kubwa, ile inashika chaji. Hagusi kitu hajafikia. Kuna mmoja nilimwuliza kwa nini asiangalie spika kwanza na ndiyo haitoi sauti, akanijibu bila kuinua kichwa, "Kijana, kwanza tujue stima imefika wapi, sauti ni ya mwisho." Huyu mtu hajui Arduino ni nini na ndiye angemwokoa yule wa seti chini ya kitanda. (Vile vya 240 wachia fundi lakini, usifungue woofer ama chaja ya stima ati unajifunza, kapasita hukaa na chaji hata ukichomoa na haina huruma.)

Kuna kitu watu husahau pia kuhusu hii Arduino. Ilianza 2005 kule Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu wa vitu (design) ambao hawakuwa wamesomea elektroniki. Sawa, ni kitu ya waanzaji kweli. Lakini hao wanafunzi walikuwa chuoni, mwalimu yuko, wenzao wako, ikikataa kuna mtu wa kumwita. Wewe uko bedsitter Manyatta peke yako saa nne usiku na token zinaisha. Bodi ni ileile, waliokuzunguka ndio hawapo, na mita ndiyo unaweza kununua mahali pao.

Na huku kwetu kuna ile ya vipuri. Mtu wa Nairobi akichoma kitu anashuka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, anarudi nacho jioni. Kisumu unapata vitu vya simu na vya woofer bila shida, lakini ukitaka chip fulani mara nyingi unaagiza Nairobi, kilomita kama 350, na kutuma hiyo pasel inakula pesa kuliko kitu chenyewe. Unangoja, hamu inaisha. Ndio nakwambia huku kupima ni lazima, maana kubahatisha huko kwa kuchomoa na kuchomeka ndiko kunachoma vitu. LED nyekundu, ile taa ndogo, inatumia kama volti 2, kutoka kwa pini ya bodi inayotoa volti 5 zinabaki 3, ukiweka rezista (ile ya kubana stima) ya ohm 220 inapitisha kama miliampea 14, safi. Ukiitoa hiyo rezista "kuona kama itawaka", itawaka kweli, na pengine inaondoka na hiyo pini.

Kama ungeniuliza uanze wapi ningesema hata programu wachana nayo kwa sasa. Nunua mita, ile ya manjano ya bei rahisi inatosha, lakini hakikisha iko na ile baza ya kulia waya zikigusana juu zingine hazina. Halafu tafuta chip ya 555, ile ya kupima muda, Hans Camenzind aliichora 1971 na hadi leo inatengenezwa na inauzwa bei ya mandazi. Jenga taa ya kuwaka na kuzima na rezista ya 10k, ya 47k na kapasita ya mikrofaradi 100 (na LED bado inataka rezista yake), hapa ile betri ya volti 9 sasa inafaa. Taa itawaka kama sekunde nne, izime kama tatu, ikitofautiana kidogo usishtuke, hizo kapasita haziko sawasawa na namba imeandikwa. Sasa weka mita juu ya kapasita. Utaona volti inapanda polepole 3, 4, 5, ikifika 6 taa inazima na namba inaanza kushuka, ikifika 3 inarudi juu. Umeona kitu ikifanya kazi kutoka ndani, na ikikataa siku moja unajua mahali pa kugusa kwanza.

Na kama umeamua umeacha kabisa, sawa, hakuna mtu amekulazimisha, kuna hobi zingine na samaki ziko. Lakini usikae na hiyo seti chini ya kitanda miaka, iuze, iko na mtu Nyalenda anaitafuta na hana pesa za kuagiza Luthuli.