Wayahudi Hawakuificha Isaya 53

Ijumaa Kuu iliyopita nilitoka kanisani moyo umenichafuka. Mhubiri alituambia kwamba Wayahudi wameificha Isaya 53, sura ya mtumishi wa Mungu anayeteseka kwa makosa ya wengine, eti imepigwa marufuku katika masinagogi kwa sababu wakiisoma watamwona Yesu. Kanisa zima likaitikia "Amina!" Mimi ni Mkristo, na maneno "alijeruhiwa kwa makosa yetu" hunitoa machozi kila mwaka. Lakini Amina ile haikunitoka.

Ni kweli sura hiyo haimo katika masomo ya Sabato. Wiki moja wanaishia Isaya 52:12, inayofuata wanaanzia 54:1. Lakini sehemu kubwa ya vitabu vya manabii haimo pia, na hakuna anayesema imefichwa. Kuifafanua wameifafanua, mstari kwa mstari, karne na karne.

Mtumishi huyo ni nani? Sisi tunasema ni Yesu; wao wanasema ni taifa la Israeli, na jibu lao linatoka humohumo kitabuni. Rudi nyuma kidogo. Isaya 41:8: "Israeli, mtumishi wangu." Ukifika 44:1, ni Israeli. 49:3, ni Israeli. Basi Myahudi anauliza: huyu mtumishi aliyetajwa kwa jina mara zote hizo, amegeuka mtu mwingine lini? Kwake yeye, wanaosema "makosa yetu" ni mataifa, yanayoshtuka kuona taifa walilolikanyaga likiinuliwa na Mungu. Nimesikia wengi wakidai hayo yalibuniwa na Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa Troyes, Ufaransa, katika karne ya 11, ili kutukwepa. Si kweli! Origen, mwalimu wetu wa karne ya 3, ameandika mwenyewe kwamba Wayahudi aliojadiliana nao walimjibu vivyo hivyo: ni taifa zima lililotawanywa. Rashi alikuwa bado miaka 800 hivi kuzaliwa.



Haya, nakubali, japo shingo upande, kwamba Talmudi na midrashi, maandishi ya kale ya marabi wa Kiyahudi, zina mahali zinapoihusisha sura ya 53 na Masihi. Rabi Nachmanides alilikiri hilo katika mdahalo na Wakristo huko Barcelona, Hispania, mwaka 1263, mbele ya mfalme wa Aragon, akashikilia kwamba maana ya wazi ni Israeli. Kisha akauliza swali linaloninyima usingizi: Isaya aliahidi mataifa hayatajifunza vita tena, mbona tangu siku za Yesu dunia imejaa jeuri na unyang'anyi? Mfalme akampa dinari 300. Wadominiko, watawa wa Kikatoliki, wakamshtaki kwa kuyaandika yaliyosemwa, na mzee wa miaka zaidi ya 70 akaiacha nchi yake.

Mtu aliyelipa gharama hiyo kwa ajili ya Isaya hastahili kuitwa mfichaji. Mhubiri wangu, nakuomba: Ijumaa Kuu ijayo tusomee kuanzia sura ya 40, polepole. Tueleze wao wanavyoisoma, kisha utuambie kwa nini sisi tunaisoma vingine.