Mteremko mlangoni hautoshi

Rafiki yangu haoni tangu akiwa darasa la tatu. Sekondari tulisoma pamoja. Yeye aliandika kwa mashine ya Perkins, ile ya nukta nundu (maandishi ya wasioona, yanayosomwa kwa vidole), inayogonga kwa kelele mpaka mwalimu anapaza sauti, na jioni mimi nilimsomea vitabu vya ziada. Somo la Kiswahili alinishinda kila mtihani. Mwaka jana aliniomba nimsindikize maktaba ya umma ya mji wetu, maana alikuwa amesikia kwamba siku hizi inahudumia watu wenye ulemavu. Alitaka riwaya. Yoyote nzuri ya Kiswahili, alisema, ila isiwe ya mtihani.

Mlangoni tulikuta njia ya mteremko mpya kabisa, saruji bado nyeupe. Ndani, dada wa mapokezi alitukaribisha vizuri, halafu akaniuliza mimi: "Kaka, mwenzio anataka nini?" Mwenzangu akajibu mwenyewe: "Nataka riwaya, dada yangu." Yule dada akaona haya kidogo, akamwomba radhi, akatupeleka hadi kwenye kabati la chuma mwisho wa ukumbi.

Vitabu vya nukta nundu vilikuwa vimelazwa mle, kimoja juu ya kingine, rundo kubwa. Rafiki yangu akachomoa cha chini, akapitisha vidole, akanyamaza. "Zimebonyea," akasema. Karatasi ya nukta nundu ni nene, na kila herufi ni vijinundu vilivyosukumwa kutoka upande wa nyuma. Kitabu kikilala miaka chini ya uzito wa vingine kumi, vijinundu vinarudi ndani na ukurasa unakuwa laini, vidole havishiki kitu. Vitabu hivi husimamishwa wima rafuni bila kubanwa. Aliyevipanga mle bila shaka hakuwahi kuambiwa, na simlaumu. Vilivyosomeka vilikuwa vya kiada, vya mtaala uliokwisha kuachwa. Tukaondoka mikono mitupu.

Siubezi ule mteremko. Nina jirani anayetumia kiti mwendo, na nimemwona akibebwa mgongoni kupandishwa ngazi za ofisi za umma mbele ya watu waliosimama foleni, mtu mzima mwenye wajukuu. Kwake mteremko ni heshima yake, na tangu Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hakuna ofisi ya umma Tanzania yenye sababu ya kujifanya haijui. Lakini watu huenda maktaba kusoma. Huduma kwa mtu mwenye ulemavu ipimwe kwa kitu alichotoka nacho.

Umoja wa Wasioona Duniani umekuwa ukikadiria kwa miaka mingi kwamba vitabu vinavyopatikana kwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa havifiki asilimia 10 ya vitabu vinavyochapishwa, na katika nchi maskini hali ni mbaya zaidi. Wao huiita njaa ya vitabu. Sehemu kubwa ya njaa hiyo ilitokana na hakimiliki: kumgeuzia asiyeona kitabu kuwa sauti kulihitaji ruhusa ya mchapishaji, kitabu baada ya kitabu, na nakala iliyotengenezwa nchi moja haikuweza kuvuka mpaka kwenda nyingine.

Hapo ndipo pananiuma, kwa sababu kizuizi hicho kimeshaondolewa. Tarehe 27 Juni 2013, huko Marrakesh nchini Morocco, ulipitishwa mkataba unaoruhusu taasisi zisizotafuta faida, maktaba zikiwemo, kutengeneza nakala za namna hiyo bila kuomba ruhusa na kubadilishana na nchi nyingine wanachama. Ulianza kutumika mwaka 2016. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Na haukuwekwa kwa wasioona peke yao. Unamgusa mwenye uoni hafifu, wakiwemo ndugu zetu wengi wenye ualbino, asiyeweza kushika kitabu wala kufungua kurasa kwa sababu ya mikono yake, na yule ambaye herufi humchanganya hata kama macho ni mazima.

Tafakari maana yake kwa Kiswahili. Riwaya ikigeuzwa mara moja tu Nairobi, ikafanywa vizuri, inaweza kusomwa Dar es Salaam na Kampala bila mtu kurudia kazi ile. Ni lugha chache za Afrika zenye bahati ya kuwa na wasomaji katika nchi nyingi zilizomo kwenye mkataba mmoja. Sisi tunayo, na tumeiacha ikae. Maktaba zetu zingegawana kazi, hii vitabu hivi, ile vile, katika miaka michache tungekuwa na hazina.

Najua jibu nitakalopewa: bajeti. Nukta nundu kweli ni ghali. Mashine ya kuchapia ni ghali, karatasi ni ghali, na riwaya ya kawaida hugeuka majuzuu kadhaa makubwa. Tusianzie huko. Tuanze na kompyuta ambazo maktaba nyingi tayari zinazo. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, ni ya bure. Inakuja na sauti inayotamka Kiswahili. Sauti ya mashine, kavu, lakini rafiki yangu ameizoea na huisikiliza kwa kasi ambayo mimi siambulii neno.

Kinachobaki ni kitabu chenyewe kiwe maandishi. Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo juhudi nyingi njema hupotelea. Mtu anapiga picha kurasa, anazihifadhi kama faili, anatangaza kwamba kitabu kipo kidijitali. Kwa anayeona ni kitabu. Kwa programu ya kusoma skrini ni picha tupu, haina hata neno moja la kutamka. Picha lazima zigeuzwe maandishi, kisha mtu anayejua Kiswahili akae asahihishe, mstari kwa mstari. Kazi hiyo inataka watu wenye subira kuliko inavyotaka fedha, na wanafunzi wa vyuo vya ukutubi wanaokwenda mafunzo kwa vitendo wangeweza kuifanya.

Viziwi wana hoja yao, tofauti na hii, na wanastahili makala nzima. Kwa leo niseme tu kwamba mkutubi mmoja anayejua lugha ya alama katika kila maktaba ya mkoa si ombi kubwa.

Yule dada wa mapokezi, niongeze, alichukua namba yangu. Wiki mbili baadaye alinitumia picha ya kabati: vitabu vyote vimesimama wima. Hakuna aliyemtuma.

Riwaya bado hakuna. Kwa hiyo tumerudi kwenye njia yetu ya shuleni: kila Jumapili nasoma sura moja, narekodi kwenye simu, namtumia kwa WhatsApp. Juzi alipiga saa tano usiku kuuliza sura ya kumi iko wapi.