Eti dawa za minyoo ndo zinaleta pumu?

Wifi yangu anaishi Sengerema, juzi kati shuleni kwa mwanae wakatangaza siku ya vidonge vya minyoo na kichocho, akagoma. Mtoto ana miaka tisa na ana pumu, na wifi kasikia kwa mtu aliyesoma kwamba minyoo inamkinga mtu na aleji, ukiiua basi kinga ya mwili inakosa kazi inaanza kupigana na vumbi. Kanitumia voisi ndefu kunieleza haya, na nyuma ya sauti yake namsikia mtoto anakohoa kile kikohozi kikavu cha usiku kinachoishia na mluzi kifuani. Nimeona nisimjibu kwa mistari miwili, maana alichosikia hakikutungwa mtaani, kina mizizi kwenye utafiti wa kweli, ila kamfikia nusu yake.

Mwaka 1989 mtafiti wa Uingereza, David Strachan, aliangalia watoto zaidi ya elfu 17 waliozaliwa 1958 na kufuatiliwa mpaka utu uzima, akakuta aliyezaliwa kwenye familia yenye kaka na dada wengi alikuwa na mafua ya aleji kidogo kuliko aliyelelewa peke yake. Akawaza kwamba watoto wanaoambukizana vijidudu utotoni wanajengewa kinga yenye adabu. Hapo ndo likaanza lile wazo la usafi uliopitiliza, na watu wakageuka kutazama Afrika, wakajiuliza mbona huku minyoo imejaa na aleji ni chache? Gabon wakapima watoto wa shule wenye kichocho, ambacho nacho ni minyoo, wakakuta ngozi zao haziumuki sana zikichomwa na utitiri wa vumbi, na damu yao ina kwa wingi kemikali ya kutuliza kinga, intalukini 10. Inaeleweka, maana mnyoo anataka kuishi ndani yako miaka, hawezi kukaa kama kinga yako iko macho muda wote, lazima aibembeleze ilale, na ikilala kwake inalala na kwa vumbi pia. Baadaye walipowatibu watoto wa shule wa huko mara kwa mara kwa miezi 30, ngozi zikaanza kuumuka. Kwa hiyo wifi hajadanganywa.

Sasa njoo upande wa pili. Ecuador walichukua shule 68, nusu zikapewa albendazoli, dawa ya minyoo ya tumbo, kila miezi miwili kwa mwaka mzima, nusu hazikupewa, mwisho wa siku aleji haikuongezeka kwenye waliotibiwa. Vietnam nako walijaribu kwa watoto zaidi ya 1,500, na majibu yao ndo mi nayapenda kuliko yote kwa sababu yanafungua macho: ngozi za waliotibiwa ziliitikia zaidi zilipochomwa, ila vifua vyao havikubana zaidi walipokimbizwa na kupimwa pumzi. Hapo ndipo wengi wanapojichanganya. Ngozi kuumuka ukichomwa na sindano ya vumbi ni kitu kimoja, mtoto kuamka saa tisa usiku ameinama anatafuta hewa ni kitu kingine, na sisi kinachotuuma ni hicho cha pili.

Ila jaribio lililonishika kabisa limefanyika kwenye ziwa letu hili hili la Viktoria, upande wa Uganda. Visiwa vya Koome, vijiji 26 vya wavuvi, watu ambao kichocho kwao ni kama jua la mchana maana maisha yao yote yako majini. Watafiti wa Entebbe wakagawa vijiji kwa kura, nusu vikapewa dawa ya kawaida kama serikali inavyogawa, nusu vikapewa kwa wingi zaidi, prazikwanteli (dawa ya kichocho) mara nne kwa mwaka na albendazoli ya siku tatu mfululizo. Miaka mitatu hivyo hivyo. Kama minyoo kweli ndo imeshikilia aleji isitoke basi vile vijiji vilivyopewa dawa kwa wingi vingelipuka kwa pumu, lakini watu wenye kifua kinachopiga miluzi na wenye ngozi inayoitikia walikuwa karibu sawasawa pande zote mbili.

Mtetezi wa ile nadharia ana majibu mawili hapa na yote nayaheshimu. La kwanza, minyoo haikuisha. Hata huko walikotibiwa mara nne kwa mwaka kichocho kilibaki, mtu anameza leo kesho yuko kwenye maji yale yale anavuta nyavu, kwa hiyo huwezi kusema umepima maisha bila minyoo, umepima maisha yenye minyoo pungufu. Hii hoja ina uzito, haswa ukizingatia tunakoelekea, maana Kwale kule Kenya walijaribu kugawa dawa kwa kijiji kizima badala ya wanafunzi tu, na safura, ile minyoo inayoingilia kwenye nyayo na kunyonya damu, ikashuka sana kuliko ilivyoshuka kwa dawa za shuleni peke yake, sasa siku tukifika karibu na sifuri tutakuwa sehemu ambayo Koome hawakufika.

La pili ni zito zaidi. Wanasema kinga ya mtu inafundishwa mapema, tumboni mwa mama na miezi ya mwanzo, ukija kumtibu mvuvi wa miaka 30 umechelewa, darasa lilishaisha. Na hapa siwezi kuwapinga kirahisi, kwa sababu Entebbe hapo hapo, kati ya 2003 na 2005, wajawazito 2,507 waliingizwa kwenye jaribio, wengine wakapewa albendazoli au prazikwanteli na wengine vidonge visivyo na dawa, watoto wao wakafuatiliwa. Watoto ambao mama zao walimeza albendazoli walipata pumu ya ngozi, yaani ukurutu, uchangani karibu mara mbili ya wenzao (mara 1.8 hivi). Aliyeongoza uchambuzi huo ni Harriet Mpairwe, mtafiti wa Uganda, na hakuficha wala hakulainisha. Halafu kikundi hicho hicho kikaendelea kuwafuatilia wale watoto mpaka miaka tisa, na kufikia hapo tofauti ya maana kwenye pumu na aleji ilikuwa haionekani tena.

Kuna anayesoma hiyo akasema basi yameisha, mi sisemi hivyo. Mama aliyekesha na mtoto wa miezi sita anayejikuna mpaka mashuka yana damu huwezi kumwambia usijali akifika darasa la tatu itakuwa sawa. Na kumbuka upande wa faida pia, jaribio lile lile lilionyesha kwamba kwa wajawazito wengi wa Entebbe dawa haikuwaongezea damu wala kuwaongezea watoto uzito, kwa sababu wengi walikuwa na minyoo michache. Aliyefaidika ni yule mwenye safura nyingi inayomnyonya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa kwa wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza pale ambapo safura au minyoo mijeledi iko kwa asilimia 20 au zaidi na upungufu wa damu kwa wajawazito ni asilimia 40 au zaidi, na mi naona masharti hayo ni ya busara, shida ni sehemu zinazogawa tu bila kujua maeneo yao yakoje.

Na wanaosema basi turudishe minyoo iwe dawa, hilo nalo limejaribiwa kwa watu. Nottingham, Uingereza, waliwapa wagonjwa wa pumu viluwiluwi kumi vya safura, pumu haikupungua kwa maana yoyote. Denmark watu 100 wenye mafua ya aleji, nusu yao wakanyweshwa mayai ya mnyoo wa nguruwe msimu mzima, mafua yakabaki pale pale. Tena minyoo yote haifanani. Ukijumlisha tafiti nyingi, safura inaonekana kwenda na pumu pungufu, lakini chango, yule mrefu wa mviringo anayewatoka watoto, anaenda na pumu zaidi.

Sasa pumu yetu inatoka wapi kama haitokani na vidonge? Mpairwe tena, huko Wakiso, Uganda, alilinganisha wanafunzi 555 wenye pumu na 1,115 wasio nayo, akakuta aliyezaliwa mjini yuko kwenye hatari kubwa kuliko aliyezaliwa kijijini. Kuna kitu mjini, na minyoo kupungua ni mmoja tu wa watuhumiwa wengi, ila wengine hawana nadharia tamu ya kusimulia.

Kwa hiyo nilimwambia wifi mtoto ameze. Nikamwelekeza ale ashibe kwanza kwa sababu vile vidonge vikubwa vya kichocho vinachafua tumbo la mtu mwenye njaa, na awaambie walimu kuwa mtoto ana pumu, aende na pampu yake kwenye begi. Alienda. Wifi kanitumia picha mtoto amesimamishwa kwenye ile fimbo ya kupima urefu ili wajue apewe vidonge vingapi, kakaza shingo aonekane mrefu.

Jioni wifi akanipigia. Nilikuwa sijajua kama ana mimba, miezi mitano, na kliniki wamempa albendazoli aimeze. Kaniuliza, na hii je, wifi? Nikamuuliza damu yako walipopima ilikuwa ngapi, akasema tisa, yaani pungufu. Nikamuuliza kama shambani wanaingia pekupeku, akacheka, akasema sasa wifi we mpunga unalimwa na viatu? Nikamwambia na hiyo imeze.